Kwa nini watu wa Kanda ya Ziwa hatutupi kitu? Stoo ya mama imenishinda

#1 Gamba_la_Sato
Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili hili kwa utulivu, ingawa najua utulivu humu ni bidhaa adimu.

Nyumba ya mama iko Bwiru, vyumba vitano, viwili havilaliki. Kuna karabai za marehemu mzee aliyekuwa akivulia dagaa, TV ya chogo, magodoro yaliyobonyea, madumu yaliyopasuka midomo, baiskeli ya Phoenix isiyo na gurudumu la mbele, na kabati la vyombo ambavyo tangu niko shule ya msingi sijaona mgeni wa hadhi ya kutolewa humo. Kaka yetu wa Dar anataka vyumba vile vipangishwe mama apate hela ya dawa. Mama anasema sawa, pangisheni, ila vitu visiondoke. Sasa huyo mpangaji alale juu ya karabai?

Dai langu: watu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa kwa jumla tunarundika kuliko watu wa Pwani. Nimekaa Tanga, nimekaa Dar, sijaona stoo kama za kwetu. Kwa nini? Na ninyi mlivitoaje bila kugombana na wazazi?

#2 Sangara_Mkavu
Nakaa hapa nisubiri wenye stoo zao. Hizo karabai zina vioo?

#3 Mswahili_wa_Manzese
Dai lako halina miguu mkuu. Dar mtu kapanga chumba kimoja, kitanda, jiko na ndoo za maji vyote vinamtazama usoni. Atarundika wapi? Mpe vyumba vitano umwone. Suala ni nafasi, kanda unaionea bure.

#4 Mama_Kiseke
#3 kasema kweli, ila nusu. Nilipokuwa mpangaji kila kuhama kulinitia adabu, maana kirikuu unalipia mwenyewe na mbeba mizigo anakuangalia kwa dharau ukimkabidhi boksi la makopo. Leo nina kwangu, na stoo imejaa.

Nusu iliyobaki ni maji. Huku milimani wiki yanatoka, wiki hayatoki. Dumu lililopasuka mdomo bado linabeba maji ya chooni. Ndoo isiyo na mkono inaloweka nguo. Beseni lililotoboka linapandwa mchicha. Mtu aliyezoea bomba linalotiririka saa zote ndiye atakayekwambia hivi ni takataka. Mama wa mtoa mada anajua mgao hautangazi siku ya kuja.

#5 Mzee_wa_Igogo
Mtoa mada ana bahati, Bwiru gari inafika mlangoni. Huku kwetu juu ya mawe kila kitu kilipandishwa kwa kichwa. Kochi likishapanda halishuki! Ushushe wewe, ulipe vijana kulishusha, ulipe tena wa taka walibebe, kwa kitu ambacho hakina thamani? Heri likae, paka azalie.

#6 Ngosha_Mkongwe
Mwadila bose.

Nyie vijana hamjakosa vitu. Miaka ya mwanzo ya themanini nilikuwa kijana mdogo hapa mjini. Sabuni ya mche inakatwa vipande, sukari kwa foleni, kitenge mpaka umjue mtu. Ukienda kununua mafuta ya taa bila chupa yako, unarudi nyumbani gizani. Kwa hiyo chupa ilikuwa mali. Kopo lilikuwa mali, mafundi wa pale Makoroboi wanalifanya koroboi na maisha yanaendelea. Mwenye umri wa mama yako mkono wake ulifundishwa wakati ule, na mkono haujui kwamba siku hizi vitu vimejaa madukani. Hakuna siri nyingine, funga uzi.

#7 Furu_Mdogo
Mzee wangu #6, uzi haufungwi, mbona ni kipindi hicho hicho watu walitupa mali kuliko wakati wowote? Sokoine alipowafuata walanguzi 1984, watu walimwaga sukari chooni na kuzamisha marobota ya vitenge usiku. Babu alikuwa na duka, tumesimuliwa mpaka tumechoka.

#8 Mwalimu_Malimbe
Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa 1983, na sheria yake ilipitishwa mwaka huo huo. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Kuhusu kutupa mali usiku babu yako hakukudanganya, wengi walifanya hivyo kwa kuogopa kukutwa na bidhaa wasizoweza kueleza zimetoka wapi.

Hapo ndipo maelezo ya #6 yanapata mkunjo. Waliopita kipindi kile walijifunza mambo mawili yanayogombana: weka, kwa sababu kesho hakuna, na ficha, kwa sababu kesho utaulizwa. Stoo zetu zina mlango mmoja, dirisha dogo na kufuli. Sijui kama ni bahati mbaya.

#9 Furu_Mdogo
1983, nimeandika. Vitenge vililowa vile vile.

#10 Dada_wa_Pasiansi
Wanaume mnaongea historia, kabati la vyombo hamligusi. Ngoja niwaambie lilivyo.

Mama mwenye sahani sitini, masufuria makubwa matatu na chupa za chai sita hajaviweka kwa ajili yake. Ukitokea msiba mtaani, saa kumi na moja alfajiri ndiyo mlango unaogongwa. "Mama, tunaomba sufuria la wali." Anatoa. Wanaandika rangi ya kucha chini ya sahani ili zisipotee. Ndiyo maana siku yake ikifika mtaa mzima utajaa kwake. Ukivigawa vile vyombo umempunguzia mama watu, na hilo yeye analijua hata kama hawezi kukupangia kwa maneno. Wewe unaona kabati. Yeye anaona nani anadaiwa na nani anadai.

#11 Kipanya_cha_Igoma
Dada #10 hayo ni ya zamani. Siku hizi unapiga simu, turubai, viti, masufuria na wapishi wanakuja na kirikuu kimoja.

#12 Dada_wa_Pasiansi
Wanakuja ukiwa na hela. Msiba haukusubiri ulipwe mshahara.

#13 Kipanya_cha_Igoma
Hapo umenifunga.

#14 Mtoto_wa_Bhoke
Mbona mnazunguka? Sababu halisi inajulikana. Nguo yako uliyoivaa, ikakunywa jasho, humpi mtu usiyemjua. Taulo ndiyo kabisa. Mnajua fika zinaweza kupelekwa wapi. Bibi yangu Musoma alikuwa anachoma hata kandambili zake, anasimama hapo mpaka ziwe majivu.

#15 Sangara_Mkavu
Sasa mganga atafanyia nini baiskeli isiyo na gurudumu la mbele?

#16 Mtoto_wa_Bhoke
Cheka tu. Siku ukiona nyota imezima utaitafuta kandambili.

#17 Mama_Kiseke
Kuchoma kandambili Mabatini au Igogo ambako nyumba zinapumuliana ni kuwaua majirani kwa moshi. Nguo kuukuu kata matambara, pigia deki. Likishapiga deki hata mchawi halitaki.

#18 Nesi_wa_Zamu
Naongeza la kitaalamu kidogo. Kuna ugonjwa wa kulimbikiza vitu, na tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanauhesabu ugonjwa unaojitegemea. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo inao. Tunaangalia mambo kama haya: je, chumba kimeshindwa kufanya kazi yake, kitandani hapalaliki, jikoni hapapikiki? Je, mtu anapata dhiki kubwa hata kutupa risiti? Wapo wazee huanza hivi wakiwa wapweke baada ya kufiwa, na usahaulifu wa uzeeni nao unachangia.

Simsemi mama wa mtoa mada, sijamwona. Ila kitu kimoja muhimu: msimwondolee vitu akiwa hayupo. Familia nyingi humsafirisha mzee akasalimie wajukuu, akirudi stoo nyeupe. Uaminifu unaisha hapo, na baada ya muda stoo inajaa tena, safari hii imefungwa kwa kufuli asilowaonyesha ufunguo.

#19 Ngosha_Mkongwe
Zamani mtu akiweka akiba anasifiwa, leo anaandikiwa cheti. Akiba haiozi binti yangu.

#20 Furu_Mdogo
Mzee, magodoro ya #1 yameshaoza.

#21 Mwalimu_Malimbe
Kuna jaribio maarufu la akina Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, lililochapishwa 1990. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell waligawiwa vikombe, wengine hawakupewa. Dakika chache baadaye waliopewa wakaulizwa watauza kwa bei gani, wasiopewa watanunua kwa bei gani. Bei ya wauzaji ilikuwa karibu mara mbili ya wanunuzi. Kikombe ni kile kile, tofauti ni kwamba kimeshakuwa "changu". Kama dakika chache zinafanya hivyo, fikiria karabai ya marehemu mume.

#22 Winga_Mlango_Mmoja
Mwalimu kwa heshima, hao wasomi waje wakae kwenye banda langu wiki moja. Mimi nanunua vitu vilivyotumika, kila siku nabishana na watu wa namna hii, na mapenzi kwa kitu ni sehemu ndogo sana. Mama anajua kabisa jiko lake limechoka. Lakini mimi nampa elfu kumi na tano, na akilihitaji tena dukani ni laki na kitu. Kwa hiyo elfu kumi na tano yangu haimnunulii hata mguu wa jiko. Anayekaa nalo kapiga hesabu vizuri, mpumbavu ni anayeuza. (Msiwaambie wateja wangu.)

Kwa mtoa mada, vinavyotoka haraka ni cherehani za miguu hata zikiwa mbovu, pasi za mkaa, masufuria mazito ya zamani, baiskeli ya Phoenix hata ikibaki fremu. Karabai wavuvi hawanunui tena, wamehamia taa za sola, ila wenye hoteli wanazitaka za kuning'iniza ukutani. Zenye vioo, #2 anajua anachouliza. Visivyotoka ni makabati makubwa ya vioo na TV za chogo. Magodoro hata usiniletee.

#23 Sangara_Mkavu
Mimi nilikuwa nauliza tu jamani.

#24 Kipanya_cha_Igoma
TV za chogo zilikufa siku walipozima analojia 2012. Ponda, uza shaba, maliza.

#25 Fundi_Redio
Tafadhali #24 usiue watu. Kwanza, iliyozimwa tarehe 31 Desemba 2012 ni Dar. Mwanza tulifuata 2013. Pili, TV haikufa, ukichomeka king'amuzi kwa zile nyaya za rangi tatu inaonyesha mpaka leo, ninao wateja.

Tatu, kuponda. Ile tyubu ndani haina hewa, ukiipiga nyundo vioo vinaruka. Hata ikiwa haijawashwa kuna umeme unabaki ndani, umeshanirusha mimi mwenye ujuzi. Kioo cha nyuma na cha shingoni kina madini ya risasi. Vijana wa chuma chakavu wanavunja shingo wachukue shaba, kioo wanakiacha kwenye mtaro, mvua ikinyesha mtaro unaelekea ziwani, na sisi tunakula sato wa humo. Peleka kwa fundi hata bure, tunachomoa vipuri, boksi lake tunatengenezea spika.

#26 Gamba_la_Sato
Wabheja sana wakuu, nasoma zote. Fundi, kioo kinachobaki wewe unakipeleka wapi?

#27 Fundi_Redio
Kimejaa stoo kwangu.

#28 Furu_Mdogo
😂😂😂

#29 Binti_Buzuruga
Niwape kisa cha kutoa vitu bila kukagua, halafu nitulie. Juni 2025 tulipanga sanduku la bibi, lile la bati. Shangazi alishasema lote liende kwa mbeba taka, ni khanga zilizoliwa na mende. Nikafungua fundo la khanga, nakuta noti. Nafungua lingine, noti. Zimekunjwa ndogo ndogo, kuna za elfu kumi za zamani, elfu moja, na mia tano nyingi za karatasi. Tulihesabu tukitetemeka.

#30 Mzee_wa_Igogo
Si mnaenda Benki Kuu tawi la hapa Mwanza mnabadilishiwa tu.

#31 Mwalimu_Malimbe
Dirisha la kubadilisha lilifunguliwa 6 Januari 2025 likafungwa 5 Aprili 2025. Zilihusika noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya karatasi ya toleo la 2010. Baada ya hapo si fedha halali. Juni walishachelewa.

#32 Binti_Buzuruga
Ndivyo. Zimerudi kwenye sanduku. Shangazi sasa ndiye anayelilinda, anasema zitakuja kuwa kumbukumbu.

#33 Ngosha_Mkongwe
Bibi aliweka thamani, serikali ikatoa thamani. Sasa nani alimaliza vitu hapo?

#34 Mkara_Halisi
Wote mnaojifanya hamrundiki mnasema uongo. Stoo zenu ziko vijijini kwetu. Kochi likichakaa, "peleka Ukerewe kwa mjomba." Friji likifa, "peleka Sengerema, wanaweza kuwekea mahindi." Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ndiyo mmepata mwanya, takataka zinavuka bila hata kusubiri kivuko. Sisi tukikataa tunaambiwa tuna kiburi. Mjomba wangu ana magodoro ya watoto wa mjini ambao hata Krismasi hawaji.

#35 Mlezi_wa_Watoto
Ahsante #34, nami niseme la kwetu. Nasaidia kituo cha watoto. Kila Desemba watu wanasafisha nyumba na kutuletea. Tunashukuru, wengi wana moyo. Lakini kuna magunia ndani yake kuna viatu vya mguu mmoja, daftari zilizoandikwa mpaka mwisho, na nguo za ndani zilizochakaa. Nguo za ndani za mtumba TBS, shirika la viwango, wamezipiga marufuku hata sokoni, nyie mnampa yatima? Kuzichambua na kuzitupa kunatugharimu sisi. Kama huwezi kumpa mdogo wako, usitupe sisi.

#36 Msafi_wa_Isamilo
Njia ipo na inafanya kazi: ya Marie Kondo, yule mama wa Japani. Hufanyi chumba kwa chumba, unafanya aina kwa aina. Nguo zote kitandani kwanza, halafu vitabu, karatasi, vitu mchanganyiko, na vya kumbukumbu mwisho kabisa. Unashika kimoja kimoja, kisichokupa furaha unakiaga kwa shukrani. Mnaokwama mnaanzia kwenye vya marehemu. Hapo lazima mkwame.

#37 Dada_wa_Pasiansi
Nimeshika mwiko wa ugali, haujanipa furaha yoyote. Niuage?

#38 Kipanya_cha_Igoma
Mwenyewe alisema 2023 kwamba baada ya mtoto wa tatu kalegeza kamba. Watatu tu! Aje kwa mama mwenye saba na wajukuu juu.

#39 Msafi_wa_Isamilo
Mnacheka lakini kabati langu linafunga.

#40 Mvuvi_Mstaafu
Sisi wa kando ya ziwa tulichaguliwa na maji. Ziwa lilipopanda 2020, na tena 2024, kwangu yaliingia mpaka chumbani. Kinachoelea kilikwenda. Nilichookoa ni nyaraka, redio na mashine ya mtumbwi. Sijawahi kuyalilia yale mengine, na sidhani kama ningeweza kuyatoa kwa mkono wangu.

Mtoa mada nikuonye kama mzee wako alikuwa mvuvi. Angalia kwenye stoo kama kuna nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, au kokoro, lile la kukokota. Ni haramu, na ukikutwa nazo unaulizwa wewe, marehemu haulizwi. Usimuuzie mtu wala usizitupe majini, zinaendelea kunasa samaki miaka. Ongea na watu wa uvuvi au BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wenu, kabla hujaanza kuzibeba barabarani.

#41 Gamba_la_Sato
Wakuu, mrejesho. Nyavu za timba hakuna, kuna za kawaida zimeliwa na panya. Nilimuuliza mama kwa nini kabisa. Nilitegemea ataniambia la msiba kama #10 au la foleni kama #6. Akasema, "Kila mtoto wangu aliyeondoka aliacha kitu akaniambia nimtunzie. Hakuna aliyerudi kuchukua." Nikaenda kuangalia upya: boksi la vitabu vya kidato ni langu. Kitanda cha chuma ni cha dada. TV ya chogo ni ya huyu huyu kaka wa Dar anayetaka vyumba vipangishwe.

#42 Mama_Kiseke
Heee.

#43 Mswahili_wa_Manzese
Nilisema mimi. Dar hatuna nafasi, tunatunziwa na wazazi.

#44 Nesi_wa_Zamu
Basi mpigie kaka aje na kirikuu. Ila swali langu la chumba bado lipo, mama analala vizuri?

#45 Gamba_la_Sato
Analala vizuri nesi, chumba chake ni kisafi kuliko changu. Kaka nimempigia, anasema TV niiuze. Mama anasema isiuzwe mpaka mwenyewe aje aseme mbele yake.

#46 Mtoto_wa_Bhoke
Na mimi bado nasema nguo za marehemu muwe makini nazo.

#47 Winga_Mlango_Mmoja
Tuyaache ya TV. Kitanda cha chuma ni futi ngapi?

#48 Gamba_la_Sato
Nne kwa sita. Chaga zimetoka mbili.

#49 Winga_Mlango_Mmoja
Arobaini.

#50 Dada_wa_Pasiansi
Usikubali! Mwambie dada yako kwanza, halafu sabini.

#51 Winga_Mlango_Mmoja
Dada wewe ungekaa na masahani yako tu. Hamsini na usafiri juu yangu, dada mtu akiridhia.